Shamba la Nyuma ya Wavu

Katika boma la marehemu Ochieng, kule juu ya Rangwe ambako njia ya vumbi inaachana na barabara ya Homa Bay, hakuna mtu aliyetia mbegu ardhini kabla ya Phelesia. Mvua ingeweza kunyesha mpaka vyura wakachoka kupiga kelele, majirani wakamaliza kupanda na kurudi kukaa, lakini watu wa kwa Ochieng wangebaki na majembe yao milangoni wakimtazama yeye. Yeye ndiye mikayi, mke wa kwanza. Mikayi akishatoka na mbegu yake na kuifukia, msimu umefunguliwa, na wengine wanafuata kwa zamu: mke wa pili kama yupo, kisha wana, kisha Paul, mdogo wake Ochieng, ambaye nyumba yake iko pale pale bomani. Ndivyo ilivyokuwa tangu Phelesia aolewe.

Na usidhani ni mwanamke wa mambo ya kale. Anaimba kwaya, ana simu ya kupangusa, na habari za Kenya nzima anazijua kabla hujamaliza kunawa uso. Ukimwuliza kama kweli laana inaangukia boma kwa sababu mtoto alimtangulia mama yake kupanda, atakucheka na kukuuliza umeamkia nini leo. Lakini siku ya kupanda ikifika, jaribu kumtangulia uone.

Aliletwa pale kutoka Uriri, upande wa Migori, akiwa msichana mwembamba mwenye mdomo mkali, na mpaka leo wanamwita Nyar Uriri, binti wa Uriri, kana kwamba alishuka jana. Kwenye mizigo yake ya arusi kulikuwa na chungu cha mbegu ya njugu, zile nyekundu ndogo ndogo, alizopewa na mama yake. Chungu hicho bado anacho. Alizaa mabinti, wa kwanza Beverly, kisha wengine, mabinti watupu. Paul ndiye aliyesema kwa sauti kile ambacho wengine walinong'ona, kwamba boma limekosa mwana. Ochieng akaoa tena, akamleta Millicent.

Millicent alikuwa mpole, wakapatana. Alimzaa Frankline, na kabla mtoto hajaanza kusimama, mama akaugua na kufa. Wakati huo binti wa mwisho wa Phelesia alikuwa bado ananyonya. Phelesia hakumwuliza mtu. Alimchukua yule mtoto, akampa ziwa moja na binti yake akamwachia la pili, na wote wawili wakanenepa. Watu walianza kumwita Mama Frank, na yeye akaitikia kwa moyo mmoja, jina la Mama Beverly likalala.

Kisha Ochieng naye akafa, na Paul akaanza kuongoza. Akawa yeye ndiye anayesema ng'ombe auzwe au asiuzwe, mpaka wa shamba upite wapi, nani akae mbele siku ya wageni. Phelesia alikaa kimya kwenye mengi kuliko ulivyoujua mdomo wake. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Paul hakuweza kulichukua. Kila mwaka, kwa asubuhi moja, Paul mwenyewe na tumbo lake alisimama nyuma ya Phelesia akingoja zamu yake, na kwa asubuhi hiyo moja Phelesia alijua yeye ni nani katika boma lile.

Frankline alisoma. Mabinti waliolewa, yeye akaendelea kusoma, njugu za Phelesia zikimpeleka mbele muhula baada ya muhula, mpaka akaingia chuo kikuu kusomea viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Alipomaliza hakutafuta kazi. Alirudi na habari kwamba chuo kina kituo nje kidogo ya mji wa Homa Bay, kinaitwa Kiota, na kwamba kazi ya Kiota ni kulea kampuni changa za bayoteknolojia: vijana wanapewa meza ya maabara, friji, mitambo na mtu wa kuwaongoza, mpaka kampuni iweze kusimama yenyewe.

"Kwa hivyo wewe uko na kampuni?" Phelesia alimwuliza.

"Mimi na Lynnet, Mama. Msichana wa Mbita."

"Na mnauza nini?"

"Bado hatuuzi. Tunalelewa."

Phelesia alicheka hadi akajifuta macho kwa leso. Mtu mzima mwenye ndevu, eti analelewa.

Lakini alikwenda kuona. Alivaa nguo yake ya kwaya, akabeba viazi vitamu na njugu za kukaanga, na msimamizi wa Kiota, mwanamke kijana anayeitwa Liz, akamvisha koti jeupe lililomfika magotini. Kila kampuni ilikuwa na meza yake. Hapa vijana walifuga nzi weusi ili mabuu wao wawe chakula cha kuku, na Phelesia alipita hapo akiwa amefinya midomo. Pale walipima maji ya vizimba vya samaki wa ziwani. Mwishoni, karibu na dirisha, ndipo ilipokuwa meza ya Frankline na Lynnet, na juu yake mifuko ya unga mweusi.

"Mama, ndani ya hii unga kuna vidudu," Frankline alimweleza. "Vizuri, si vya magonjwa. Unapaka mbegu kabla ya kupanda, vinaingia kwa mizizi, vinatengenezea njugu mbolea kutoka kwa hewa tu."

"Na usipopaka?"

"Inamea, lakini njaa inaisumbua."

"Kama wewe ulivyokuwa," Phelesia akasema, na Lynnet akacheka kwanza kabla ya wote.

Kisha Frankline akamgeukia Liz, akamshika Phelesia begani. "Huyu ndiye anafungua msimu kwetu," akasema. "Hakuna mtu anapanda kabla yake. Na mbegu yote tunatumia hapa imetoka kwa chungu yake." Liz aliweka mkono kifuani, akasema hilo lazima majaji watakaozipima kampuni walisikie. Phelesia alirudi nyumbani jioni hiyo akiwa mkubwa. Sijui namna nyingine ya kulisema. Aliingia bomani mkubwa, akampita Paul aliyekuwa ameketi kibarazani, na hata salamu yake ilikuwa na cheo.

Habari ya majaji ilikuja mwanzoni mwa mwaka. Kiota kilikuwa na kampuni nyingi na nafasi chache. Majaji wangefika, watembelee mashamba ya majaribio, waone mimea imechanua, waing'oe na kutazama mizizi, na kampuni moja tu kati ya zile changa ingepewa maabara kubwa na mwaka mwingine wa kulelewa. Nyingine zingefunga mifuko yao ziende. Na mwaka huo, kwa bahati mbaya, mvua ilikawia. Mawingu yalikusanyika juu ya ziwa, yakatazama, yakarudi.

Frankline alikuja Jumapili moja, akamkuta Phelesia anachambua mbegu kwenye ungo.

"Mama, si ungefungua mapema kidogo? Mimi niko na pampu, nitamwagilia kutoka kijitoni."

"Mvua bado. Hii imenyesha juzi ni ya kudanganya watoto."

"Majaji hawangoji mvua, Mama."

"Basi waambie wapande wao."

Wakacheka wote wawili. Phelesia alicheka kwa sababu alichekeshwa. Kijana naye alicheka, akala ugali na omena, akauliza habari za kwaya, akaaga.

Muda si mrefu, huko Uriri, mke wa kaka yake Phelesia akafariki. Boma zima lilikwenda matangani, kuanzia Paul hadi wajukuu, kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa watu. Frankline peke yake alipiga simu kuomba radhi, akasema Kiota kimewabana kwa mtihani na hawezi kutoka. Phelesia alimtetea mbele ya ndugu zake. Aliwaambia kijana ana kazi ya serikali, na hiyo ilikuwa chumvi kidogo, lakini mama gani hatii chumvi.

Waliporudi, walikuta kipande cha chini karibu na kijito kimelimwa na kuzungushiwa wavu wa kijani, ule mzito wa vitalu vya miche, umefungwa kwa kufuli. Kulima mapema si kosa, mtu yeyote anaweza kulima. Frankline alisema ni shamba la majaribio na linaandaliwa kwa njia ya kisayansi, na mtu asiingie wala asichungulie, kwa sababu viatu vinabeba vidudu vya nje. Pampu aliyokuwa akiiwasha ilikuwa ya kulainisha udongo. Phelesia alimwamini, tena akalichukua jambo lile kama lake. Aliwafukuza mbuzi wa Paul. Aliwakemea wanawake waliotaka kukata njia pale kwenda kuchota maji. Mke wa Paul aliposogea kuchungulia, Phelesia alimwambia akaangalie sufuria zake. Wiki zote zile alikuwa mlinzi wa shamba lile, na hakuna aliyemlipa wala aliyemwomba.

Mvua ikaja hatimaye, ya kweli, iliyolowesha mpaka chini. Phelesia aliamka, akaomba, akafunga leso kiunoni, akatoka na chungu. Lynnet alikuwapo na simu yake, anapiga picha. Safari hii Phelesia alikubali mbegu zake zipakwe ule unga mweusi, akazigeuza mwenyewe kwenye maji ya sukari ya kuushikisha unga, mpaka viganja vikawa vyeusi. Kisha akatangulia. Nyuma yake walisimama Frankline, Paul, wake na watoto, kimya, na yeye akafungua shimo la kwanza, akadondosha, akafukia kwa wayo wa mguu. Alikuwa na furaha. Aliimba kidogo, wimbo wa kanisani. Frankline akafuata, akaingia nyuma ya wavu na mbegu zake mkononi, akatoka baadaye anajipangusa magoti. Lynnet aliacha kupiga picha akageukia upande wa ziwa, na Phelesia alidhani msichana amechoshwa na jua.

Njugu za Phelesia zilikuwa na majani machache tu, yeye yuko shambani anapalilia, alipotokea mwanamume mrefu mwenye fimbo ya ng'ombe. Hakumjua.

"Wewe ndiye Mama Frank?"

"Ndiyo mimi. Karibu. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Mirumbe, natoka upande wa Kehancha. Nimeleta ng'ombe soko ya Rangwe, nikasema siwezi pita hapa bila kukusalimia. Mimi ndiye nililimia kijana yako ile shamba ya wavu. Nikapanda pia."

"Ulilima," Phelesia akamsahihisha. "Kupanda alipanda mwenyewe, baada yangu."

Mirumbe alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayedhani mwenyeji amesahau. "Nilipanda siku ile ile nililima, Mama. Nyinyi wote mlikuwa matanga. Mimi nilikataa kwanza. Nikamwuliza, mwenye mji ameanza? Maana hata kwetu mtu haingii tu na mbegu ovyo ovyo. Akasema umempigia simu kutoka huko matanga, umesema aanze, mkono wake ni mkono wako. Ndiyo nikakubali. Kwa hivyo nimekuja kusema asante kwa ile baraka. Zimeshika?"

Phelesia alisema zimeshika. Alimwambia aende kivulini akapewe uji. Sauti yake ilitoka vizuri, na baadaye alijishangaa kwa hilo.

Mgeni alipoondoka, alishuka mpaka kijitoni. Hakuvunja kufuli. Alitafuta mahali wavu ulipolegea, akaushusha kwa mkono mmoja, akatazama. Njugu zilikuwa zimejaa ardhi. Zilikuwa na maua ya manjano kila mahali, mengine yameshaanza kunyauka, na hapo hapo nyuma yake shamba lake lilikuwa bado na majani ya kuhesabika. Alisimama akiushika ule wavu. Alikumbuka jinsi alivyofukuza mbuzi. Alikumbuka wimbo alioimba mbele ya simu ya Lynnet, na watu wamepanga mstari nyuma yake wakingojea jambo lililokwisha kufanyika, na kijana wake mmoja wao, amesimama na uso wa ibada. Akaketi chini kwenye majani mabichi na kulia.

Kilichomuuma si laana. Wala hakikuwa foleni peke yake. Kilichomuuma ni kwamba Frankline hakuwaajiri vijana wa Rangwe kwa sababu alijua hakuna hata mmoja ambaye angekubali. Alikwenda kumtafuta mtu wa mbali asiyejua, na huyo naye alipouliza, akanunuliwa kwa jina la Phelesia. Na wakati huo Phelesia alikuwa Uriri, anamzika wifi yake na kumtetea.

Lakini alikuwa mama, akasema atampa mlango wa kukiri mwenyewe. Frankline alipokuja jioni ya Ijumaa, akamwandalia chai, akamwacha anywe.

"Frank, ile shamba ya wavu ulipanda lini?"

Kijana hakusita hata kidogo, na hilo ndilo baya. "Si ile siku yako, Mama. Baada yako. Ulikuwepo."

"Baada yangu."

"Eeh. Naweza aje kutangulia?" Akatabasamu. "Halafu Mama, majaji wanakuja wiki ijayo. Wakitoka hapa kuona shamba, kutakuwa na mkutano Kiota. Wanataka kukusikia wewe. Sema tu vile wewe hufungua msimu. Hiyo ndiyo inatutofautisha na wale wengine."

Phelesia alimtazama kijana. Alikuwa na uso wa Millicent, macho yale yale. "Nitakuja," akasema.

Majaji walifika, wakaingia nyuma ya wavu na viatu vyao vyote, wakang'oa, wakageuza mizizi kwenye viganja na kushangilia vinundu vilivyojipanga huko kama shanga. Paul alikuwapo. Alitazama maua, akatazama shamba la Phelesia, akafungua mdomo, na Phelesia akamwambia kwa sauti ya chini, "Nyamaza. Nitasema mwenyewe." Kwa mara ya kwanza maishani Paul akanyamaza alipoambiwa.

Ukumbi wa Kiota ulijaa. Mbele walikaa majaji kutoka Nairobi na kwingineko. Nyuma walikaa watu wa nyumbani: kwaya ya Phelesia, Paul na mkewe, wakulima wa Rangwe, akina mama wanaosafisha maabara. Taa zikazimwa na ukutani akatokea Phelesia mwenyewe, mkubwa kama nyumba, anatembea na chungu, anaimba. Watu wa mbele wakasema aaah. Taa zilipowashwa, jaji mmoja, mwanamke mwenye miwani myekundu, akaomba mama apewe kipaza sauti.

"Mama, tuambie," akasema kwa upole, "unajisikiaje siku hiyo, ukiwa wa kwanza?"

Phelesia alisimama. Frankline alikuwa pembeni, amevaa shati jipya lenye jina la kampuni mfukoni, na alikuwa anamtazama kama alivyomtazama zamani alipokuwa anangoja amtoe mwiba mguuni. Angeweza kusema maneno mawili matatu na kuketi. Alikuwa ameyafikiria njia nzima.

"Mimi sikuwa wa kwanza," akasema. "Hiyo mmeona kwa ukuta, nilipanda kitu imeshapandwa. Aliyefungua msimu kwa boma ya Ochieng mwaka huu ni kijana yangu, Frankline. Alipanda kabla yangu."

Mwanamke wa miwani myekundu akapiga makofi. Mwenzake akafuata, na mstari wote wa mbele ukainuka. Mmoja akasema kwa sauti kwamba hiki ndicho nchi inachokosa, wazee wanaowapisha vijana mbele. Liz alikuwa anafuta machozi. Wakapiga makofi, wakapiga, mpaka ikabidi wengine waangalie nyuma kuona mbona huko hakuna sauti.

Kwa sababu nyuma hakuna aliyeinua mkono. Kwaya ilikuwa imekaa kimya. Mama mmoja wa usafi alikuwa ameinamisha kichwa. Paul, ambaye angeweza kufurahia siku hiyo kuliko mtu yeyote, alivua kofia akaiweka magotini. Lynnet, pale karibu na projekta, alijifunika mdomo kwa kiganja.

Kampuni ya Frankline ndiyo iliyochaguliwa. Picha zikaanza kupigwa. Phelesia alitoka nje akaenda kusimama chini ya ukingo wa paa, na kijana akamfuata mbio, amelowa jasho.

"Mama, asante. Nilidhani utanisema."

"Nimekusema."

"Lakini wamefurahi."

"Wageni wamefurahi."

Akatazama chini. "Ni nani alikuambia?"

"Uliyemwambia mkono wako ni mkono wangu." Phelesia akamsogelea. "Frank, ungeniambia. Uliniuliza mara moja, unacheka, halafu ukala ugali na omena. Ungepiga magoti useme Mama, hawa watu watanifukuza. Mimi ningetoka na chungu kwa vumbi hivyo hivyo, mvua ipende isipende, Paul apige kelele. Kwako ningefanya. Nilikunyima nini mimi?"

Frankline alifuta jasho kwa mkono wa shati. Alisema tu, "Niliogopa utakataa."

"Kwa hivyo ukanizika na wifi yangu."

Liz akatokea mlangoni, ameshika shada la maua ya karatasi. "Mama Frank! Njoo, picha ni wewe tu imebaki!"

"Mimi ni Mama Beverly," Phelesia akasema, akafunga leso yake vizuri, akaenda kutafuta watu wa kwaya warudi nyumbani.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja mapema. Zilinyesha jioni, zikanyesha asubuhi, na majirani wakaanza kupanda. Kwa Ochieng majembe yalitoka, yakaegemezwa milangoni. Phelesia alikuwa jikoni anapepeta mtama. Paul alingoja, akakohoa, mwisho akaja mwenyewe mpaka kizingitini.

"Nyar Uriri, mvua imeshika. Tunakungoja."

"Mimi? Mnamngoja Frankline. Msimu ni wake, alishauchukua."

"Haijawahi kusikika!"

"Hata yake haikuwa imewahi kusikika. Mpigie simu."

Paul alipiga kelele, akaita wazee wa kanisa, wazee wakaja, wakaombea boma, wakanywa chai, wakaondoka. Phelesia aliitikia amina zote na hakutoka na chungu. Frankline alipiga simu akasema wapande tu, kwamba yuko kwenye maonyesho Nairobi. Akaambiwa hakuna aliyeshika jembe. Akapiga tena, na tena. Mwisho alikuja, ameshuka kwenye gari la Kiota na viatu vya ngozi, akakuta boma zima limesimama uani na chungu cha mbegu kimewekwa mlangoni pa nyumba yake ya ujana, pale bomani.

Alikwenda moja kwa moja kwa Phelesia, akapiga magoti kwenye tope, mbele ya Paul, mbele ya watoto.

"Mama, nisamehe. Tangulia wewe."

Phelesia aliweka mkono juu ya kichwa chake, kama alivyokuwa akifanya homa ilipompanda. "Nilishakusamehe, Frank. Hilo ni jambo lingine," akasema. "Chukua chungu."

Kijana akainuka. Akachukua chungu, akaenda shambani analia waziwazi, akafungua shimo la kwanza. Watu wakangoja kuona nani atafuata. Phelesia alichukua jembe lake, akapita katikati yao, akaenda akasimama nyuma ya Frankline, kwenye zamu ya mke wa pili, mahali ambapo Millicent angesimama kama angekuwa hai. Kisha akainama, akapanda.